Siku Niliyowakatia Watu Maji kwa Ajili ya Kurumbizi

Haya, chekeni. Chekeni kwanza mmalize ndipo nianze, maana miye nawajua, nikifika pale penye mkeka kuna mtu atapaliwa na kahawa, na leo sina nguvu za kumpiga mtu mgongo. Aibu ile nimeishi nayo miaka, nimeshaizoea, naivaa kama bangili. Lakini nataka mjue jambo moja kabla hamjaniaibisha upya: siku ile niliaibika, sikatai, niliaibika mbele ya watu wa swala ya Ijumaa wazima wazima, lakini sikushindwa. Kuaibika na kushindwa ni vitu viwili.

Tulikuwa tunakaa Nizwa, huku Oman, miye na mume wangu Nassor, miaka ile ya mwanzo mwanzo ya themanini, hatujamaliza hata kuzoea baridi ya asubuhi. Nassor ana kazi yake serikalini, miye nasomesha skuli ya wasichana, na Kiarabu changu, jamani, kilikuwa cha kuokota okota, nikifungua mdomo sokoni wauza samaki wanatazamana (halafu wanapandisha bei, mahayawani). Darasani wasichana wananiita abla kama wanavyowaita waalimu wote wa kike, adabu tupu, lakini nikitoka nje ya darasa nilikuwa kama bubu. Miye! Miye niliyekuwa nikipita Mkunazini, kwetu Unguja, watu wanafunga milango wasije wakashikwa na maneno yangu mpaka Adhuhuri.

Kwa hivyo furaha yangu ilikuwa moja tu, Alkhamisi. Kila Alkhamisi baada ya Alasiri sisi tulotoka Unguja tunakusanyika nyumbani kwetu, kahawa, visheti, tende, na tunaelezana ndege. Ndio, ndege. Aliyeyaanza haya ni shemeji yangu Seif, kaka yake Nassor, mtu wa ofisi ya umeme, mrefu, mkali, ana darubini yake ameitundika shingoni mpaka akila. Baridi ikianza kuvunjika tu, basi kila mtu anakuja na habari: huyu kamuona hudhud anachimbua uwanja wa skuli, yule kaona mbayuwayu juu ya ngome, yule karudi safari ya Ibra kawakuta keremkerem wamejipanga kwenye waya za simu kama watoto wa chuoni. Tunabishana, tunacheka, tunasema Kiswahili mpaka koo linakauka. Siku ile moja ya wiki nilikuwa mtu mzima tena.

Na palikuwa na sheria, ya Seif vilevile. Ndege aliyeonwa na mtu mmoja si ndege bado, mpaka amuone wa pili. Akitiliwa shaka, mwenye kusema anapewa mpaka Ijumaa inayofuata amwoneshe. Asipomwonesha, msimu mzima uliobaki hana ruhusa ya kutoa habari. Kazi yake kumimina kahawa na kusikiliza. Na akimwonesha, kazi hiyo inamwangukia aliyemtilia shaka. Mwaka wa nyuma ilimpata mwalimu mmoja wa hesabu aliyedai kaona flamingo bondeni, akamimina kahawa mpaka joto likaingia, maskini ya Mungu, na alipokuja ruhusiwa kusema alikuwa hana hamu tena, akahamia kwenye karata.

Sasa basi, Ijumaa moja ya mwezi wa tatu tulikwenda Birkat al Mauz, shambani kwa rafiki yake Nassor, migomba na mitende na katikati yake mforsadi mmoja mkubwa ambao forsadi zake ndio kwanza zinaanza kuwiva. Wenzangu wamelala baada ya chakula, miye nimesimama chini naokota forsadi, vidole vimekuwa rangi ya zambarau, nikasikia mluzi. Mluzi ule! Moyo ukanipasuka. Nikainua uso, nikamuona anapita baina ya majani, manjano tupu, mabawa meusi, mdomo mwekundu, anang'ara kama kasuguliwa kwa limau. Kurumbizi. Kurumbizi wa kwetu, yule yule aliyekuwa akituchungulia shambani kwa bibi yangu Mwera, tulikuwa watoto tukimwambia akatupelekee salamu. Nikaita, "Nassor! Nassor!" Mpaka Nassor kuamka, ndege kaenda.

Alkhamisi nikaisema habari yangu. Bibi we! Kicheko kilichotoka pale, jirani walidhani tuna harusi.

"Kurumbizi?" Seif akasema. "Mwezi huu wa tatu? Chini ya jabali hili? Shemeji, weye umeshuka Oman lakini macho yako yamebaki Unguja."

Wifi yangu Zuwena, dada yao (nampenda, lakini ulimi wake ni wembe), akadakia, "Shamba la migomba hilo. Pengine umeona ndizi mbivu."

Nikamtazama mume wangu, nikingoja aseme neno. Mume wangu wa ndoa akaangalia ndani ya kikombe cha kahawa kama mna habari ya muhimu mle chini. Iliniuma. Siwafichi, iliniuma kuliko vicheko vyote, maana walichokuwa wakiniambia si kwamba sijui ndege, walichokuwa wakiniambia ni kwamba hamu ya nyumbani imenitia wazimu.

"Mpaka Ijumaa," Seif akasema, na akanisogezea dele la kahawa karibu na goti, ati nianze kuuzoea uzito wake.

Ijumaa tukaenda. Tulifika mapema, miye, Nassor, Seif na Zuwena, tukatandika mkeka chini ya mforsadi, sufuria la mbaazi, chungu nzima ya mandazi, na Nassor akaiegesha pikapu papo hapo kivulini, kwenye kipande cha ardhi kilichokuwa kimelimwa lakini hakijapandwa. (Kumbukeni hilo, kimelimwa.) Tukakaa. Tukangoja. Wakaja shorwanda, wakaja njiwa, akaja hudhud mmoja akatutukana akaenda zake. Kurumbizi hakuna. Seif akala mandazi yake, akajinyoosha juu ya mkeka, darubini juu ya tumbo, akasema, "Niamshe mfalme wako akija," na mara akaanza kukoroma. Nassor naye akalala. Zuwena akatoa ushumbi wake, ule uzi wa kufumia, akaanza kufuma, na kila nikimtazama anatabasamu.

Halafu nikausikia ule mluzi. Juu, juu kabisa, kwenye majani mazito. Yupo! Lakini hashuki, anakula forsadi zake huko huko kileleni, na Zuwena anasema, "Huyo shorwanda huyo." Shorwanda! Shorwanda anapiga mluzi ule? Hapo ndipo nikakumbuka kwa bibi yangu Mwera. Palikuwa na dimbwi chini ya mti, na kurumbizi, jua likipanda, alikuwa akitoka kileleni anajitupa majini mara moja, chubwi, anarudi juu, anajikung'uta, anajitupa tena. Anapenda maji huyo kupita bata. Basi nikajiambia, hapa kinachokosekana ni dimbwi.

Na falaji ile pale, hatua chache tu, mfereji wa mawe unapita maji safi yanayotoka chini ya jabali, yanakimbia, na pembeni yake mna kimlango cha kuingilia shambani kimezibwa kwa jiwe na matambara. Nikasema, kidogo tu. Dimbwi la ndege lina ukubwa gani? Sasa nyinyi mliozaliwa huku mnashika vichwa, najua, lakini nisikilizeni: miye ni mtu wa Unguja. Kwetu maji yanatoka mbinguni, na ukiona yanapita, yanapita, hayana mwenyewe. Nani kaniambia miye kwamba maji ya falaji kila tone lina jina la mtu, kwamba yana zamu, huyu mpaka kivuli kifike hapa, yule mpaka kifike pale, na kwamba watu waliwahi kuuana kwa jambo hilo? Hakuna. Nikapiga magoti, nikavuta tambara, nikasogeza jiwe.

Maji yakaingia. Mazuri yale, yanang'aa, yakakusanyika chini ya mti, dimbwi kamili. Nikasema alhamdulillahi, sasa tuzibe. Nikachukua jiwe, jiwe lina utelezi, likanitoka mkononi likaangukia ndani ya mfereji mkubwa, likakwama. Tambara nalo nikatazama liko wapi, limekwenda na maji. Basi akili ikaniambia, kanga. Nikaivua kanga yangu kichwani, nikaikunja, nikaitia pale mlangoni, maji yakaivuta kutoka mikononi mwangu, ikaenda ikajibandika kwenye lile jiwe lililokwama, ikaziba mfereji sawasawa, kazi ambayo fundi angeifanya kwa siku nzima! Sasa falaji yote, jamani, falaji yote ya Birkat al Mauz, haina njia nyingine, inaingia shambani kwetu.

Wa kwanza kujua alikuwa Seif, kwa mgongo. Aliamka anapiga kelele, "Bahari! Bahari!" (usingizini alikuwa wapi, Mungu ndiye ajuaye), akasimama, akateleza, darubini chubwi kwenye matope. Sufuria la mbaazi likaanza safari. Viatu vinaelea, ushumbi wa Zuwena umekunjuka wote unaelekea migombani, Zuwena mwenyewe kapanda nyuma ya pikapu kakunja gauni mpaka magotini anasema, "Weye! Weye! Umefanya nini weye!" na Nassor kakimbilia usukani aiondoe gari, akakanyaga mafuta, na ile ardhi (si nilikwambieni imelimwa?) ikaimeza pikapu mpaka kwenye ekseli. Miye niko kwenye mfereji naivuta kanga, haitoki.

Na bado. Ile falaji ikitoka pale inapita msikitini. Ndipo watu wanapotawadhia. Na ilikuwa Ijumaa, na adhana ya kwanza imeshatoka.

Nikasikia sauti za wanaume zinakuja juu, zinafuata mfereji uliokauka. Nikajitazama. Nimelowa chapachapa, miguu mitupu, matope mpaka usoni, kichwani kitambaa kidogo tu kimeganda, kanga imekuwa ukuta wa bwawa. Jificheni nyinyi, miye nitajificha wapi? Nikaukamata mkeka, ule mkeka uliolowa, nikajizungushia kuanzia kichwani. Mkeka ukisharowa haukunjiki, basi nikasimama wima ndani yake kama sambusa. (Haya, nilikwambieni mtapaliwa.)

Wakatokea. Nusu ya mji, wallahi. Huyu mkono mmoja umelowa mmoja mkavu, yule kanawa uso hajafika miguuni, mwengine ana povu la sabuni masikioni, maana alikuwa anaoga josho la Ijumaa. Mbele yao Mzee Humaid, wakili wa falaji, yule anayegawa zamu za maji, ndevu nyeupe, bakora mkononi. Na nyuma yao bibi mmoja mkongwe, Bibi Shamsa, amejishikilia kiuno, kwa sababu maji ya saa ile yalikuwa yake. Shamba lake la mwisho huko chini lilikuwa linayangoja. Na ukutani, wamejipanga, nani? Wanafunzi wangu, wale wanaokaa Birkat al Mauz. Wote macho kodo, wananong'ona, "Abla, abla."

Mzee Humaid akautazama mfereji, akaitazama pikapu, akamtazama Seif anamwaga matope kutoka kwenye darubini, mwisho akautazama mkeka.

"Mo hadha, ya abla?" Nini hii, mwalimu?

Nikafungua mdomo. Kiarabu hakuna. Hata kile cha kuokota kimeokotwa na wenyewe. Nilikuwa nataka kusema nimekosa, nisameheni, nilidhani, na miye si mwizi wa maji, lakini hakuna hata neno moja lililokuja, na watu wote wale wananingojea, na machozi yananitoka ndani ya mkeka, na nasema moyoni, Yarabi, si afadhali ningemimina kahawa.

Na hapo hapo, juu ya vichwa vyetu, ule mluzi.

Nikatoa mkono kwenye mkeka, nikanyoosha kidole. Na yeye, Mungu amweke, akatoka kileleni mbele ya umma wote ule, manjano kama ndio kwanza kaumbwa asubuhi ile, akajitupa kwenye dimbwi langu, chubwi! Akapanda tawi la chini. Akajikung'uta. Akatutazama mmoja mmoja, umbea wake ule ule wa Mwera, kisha akajitupa tena. Mara tatu alijitupa.

"Subhanallah," Mzee Humaid akasema, taratibu.

"Asharowa yule bwana," Zuwena akasema juu ya pikapu, kidole kwa ndege, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ulimi wake haukuwa na wembe.

Lakini mtu niliyekuwa nikimtazama ni Seif. Amesimama maji kwenye magoti, kanzu imekuwa ya rangi ya udongo, darubini haioni tena, na hana haja nayo. Akasema kwa Kiswahili, chini chini, "Ndiye." Kisha akanigeukia, macho yamejaa. "Nimemtafuta kila mwaka, shemeji. Kila mwaka tangu tuje. Nikajua huku hayupo. Ndio maana..." Na miye hasira yangu yote, ile niliyoilea tangu Alkhamisi, ikaniyeyuka, kwa sababu nilifahamu kwamba hakuwa akinicheka. Alikuwa amekata tamaa zamani, na miye nimekuja nimelifungua donda.

Basi akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akawageukia wale watu wa msikitini, na Seif Kiarabu anacho, Kiarabu cha kitabuni, akawaambia: huyu ni mke wa ndugu yangu, alituambia ndege huyu yupo, tukamwambia mwongo, tukamtia adabu atuoneshe, na maji aliyafungua kwa sababu yetu, amesema kweli na sisi ndio tulioongopa. Akaisema kwa sauti, wanafunzi wangu wanasikia. Nassor naye akashuka kwenye gari, akaja akasimama pembeni ya mkeka wangu, matope mpaka kiunoni. Amechelewa, lakini alikuja.

Mzee Humaid akacheka. Wallahi akacheka, mpaka akaiegemea bakora. Akasema swala haingoji, mfereji utafunguliwa baadaye, na watu wote wakaja pale kimlangoni maji yanapoingilia safi, wakatawadha kuzunguka mforsadi wetu, mstari kwa mstari, na kila anayemaliza ananyanyua uso kutafuta ndege. Imamu mwenyewe alitawadha huku anachungulia majani.

Mnadhani nilisamehewa hivi hivi? Thubutu! Bibi Shamsa hakusali wala hakucheka, alikuja akasimama mbele yangu. Akasema maji yaliyokwenda yamekwenda, hayarudishwi, na ndege ni mzuri lakini ndege hanyweshi mitende yake. Hukumu yake: msimu wote ule, kila zamu yake ya mchana ikiangukia siku ambayo sina skuli, nitakuja mwenyewe Birkat al Mauz nimfungulie maji na nimfungie, kwa mikono yangu hii, mpaka nijue maji ni nini. Mzee Humaid akasema, "Sawa." Nikasema, "Sawa." Na kweli nilikwenda, Nassor ananipeleka, nazama mferejini nafunga na kufungua, Bibi Shamsa kaketi ananifokea kwa Kiarabu cha Kiomani kitupu. Kile ninachokijua leo, nimefundishwa na yeye, kwa matusi mengi.

Lakini sikilizeni mambo ya Mungu. Kila zamu niliyokwenda, niko bustanini, mtu wa kwanza, maji yanaingia, na ndege wote wa jabali lile wanashuka kunywa. Keremkerem niliwaona miye kwanza. Kambu, miye. Kurumbizi jike, rangi ya majani, ambaye hata Seif alikuwa hajui sura yake, miye. Adhabu yangu ilikuwa kiti cha mbele! Na Alkhamisi zote nilikuwa nakuja na habari mpaka watu wakaanza kuniomba nipunguze. Mtu mpya mmoja alipotaka kuniuliza shahidi wangu nani, Seif, aliyekuwa akimimina kahawa (sheria ni sheria, na yeye ndiye aliyeitunga), akaweka dele chini na kumwambia, "Huyu akisema, weye usitafute wa pili."

Basi nimeapa, na kiapo changu kiko pale pale: siku hizi hata nikitaka kunawa kidole kwenye falaji, naangaza kushoto na kulia namtafuta mwenyewe nimwombe. Maji usiyoijua zamu yake usiyaguse, hata kwa ndege, hata kwa kidogo tu. Kidogo tu ndiyo iliyonivisha mkeka. Hilo nimeliapia mbele ya Bibi Shamsa, na si mtu wa kufanyiwa mchezo. Lakini la macho yangu sikuapa, na siapi. Nikikwambia nimemuona, nimemuona.